Unene uliokithiri na saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, ni kweli kwamba unene husababisha saratani, au ni mambo mawili yanayokutana tu?

Ni kweli, ingawa si kwa saratani zote wala si kwa kila mtu mnene. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani na lina makao yake mjini Lyon, Ufaransa, liliwakutanisha wataalamu waliopitia tafiti zaidi ya 1,000. Walihitimisha kwamba upo ushahidi wa kutosha kuwa mtu asiye na mafuta ya ziada mwilini ana uwezekano mdogo zaidi wa kupata aina 13 za saratani. Tathmini kama hiyo ya mwaka 2002 ilikuwa imetaja aina 5 tu, kwa hiyo nyingine 8 ziliongezwa kadiri ushahidi ulivyozidi kukusanyika.

Wenye shaka huuliza kama si uvivu wa mazoezi, pombe au sigara ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, huku uzito ukibebeshwa lawama. Swali hilo ni la haki, na watafiti wamelijibu kwa njia kadhaa. Kwanza, kwa saratani nyingi kati ya hizo hatari hupanda hatua kwa hatua kadiri uzito unavyopanda, hata baada ya kuzingatia sigara na mambo mengine. Pili, watu wanaozaliwa na vinasaba vinavyowaelekeza kwenye unene wameonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya baadhi ya saratani, hasa ya mfuko wa uzazi, na vinasaba hivyo mtu huvipata kabla hajashika sigara wala chupa. Tatu, njia ambazo mafuta ya mwilini huzitumia kuchochea saratani zinajulikana kwa kiasi kikubwa, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Ni saratani zipi hasa zinazohusishwa na unene?

Orodha ya aina 13 inaanza na umio, na hapa inahusu aina moja tu, ile inayoota sehemu ya chini karibu na tumbo. Zinafuata saratani ya sehemu ya juu ya tumbo panapoungana na umio, ya utumbo mpana na puru, ya ini, ya kibofu cha nyongo, ya kongosho, ya figo, ya matiti kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ya mfuko wa uzazi, ya ovari, ya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, na ile ya uboho wa mifupa iitwayo mieloma. Ya mwisho ni uvimbe wa utando unaoufunika ubongo, ambao mara nyingi si saratani kwa maana kamili lakini unaweza kuleta madhara makubwa kwa kuubana ubongo.

Saratani ya mlango wa kizazi haimo katika orodha hiyo. Chanzo chake kikuu ni kirusi cha HPV, na wanawake wengi huichanganya na saratani ya mfuko wa uzazi kwa sababu viungo hivyo viwili vimepakana.

Hatari huongezeka kwa kiasi gani?

Hapa ndipo vichwa vya habari hupotosha watu, kwa sababu viungo havilingani hata kidogo. Kwa mfuko wa uzazi uhusiano ni mkubwa kuliko kwa kiungo kingine chochote: wanawake wenye unene wa kiwango cha juu kabisa, yaani BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, kinachoelezwa hapa chini) ya 40 na kuendelea, wana hatari inayofikia mara 7 ya wenye uzito wa kawaida. Kwa saratani ya umio iliyotajwa hapo juu, kiwango hicho cha unene huambatana na hatari ya karibu mara 5. Kwa ini na figo hatari hukaribia maradufu. Kwa kongosho na mieloma ongezeko ni la takriban asilimia 50, kwa utumbo mpana ni la takriban asilimia 30, na kwa ovari na thairoidi ni dogo, la takriban asilimia 10.

Asilimia hizo hazina maana mpaka mtu ajue zinaongezwa juu ya nini. Tuseme kwamba katika kundi la watu 100 wenye uzito wa kawaida, 4 watapata saratani ya utumbo mpana katika maisha yao. Ongezeko la asilimia 30 litaifanya idadi hiyo iwe 5 na kidogo katika kundi la watu 100 wanene, na wengine zaidi ya 94 hawataipata kamwe. Ongezeko hilo ni dogo kwa mtu mmoja mmoja, lakini si dogo kwa taifa lenye mamilioni ya watu wanene. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa na unene uliokithiri, na kwamba kiwango hicho miongoni mwa watu wazima kimezidi maradufu tangu mwaka 1990.

Ikumbukwe pia kwamba sigara bado iko mbele kwa mbali. Mvutaji wa siku nyingi ana hatari ya saratani ya mapafu inayofikia mara 15 hadi 30 ya asiyevuta, na mwembamba anayevuta sigara hana sababu ya kujipongeza kwa wembamba wake.

Mafuta ya mwilini yanawezaje kuleta saratani?

Watu wengi hudhani mafuta yamelala tu chini ya ngozi yakisubiri kutumika. Ukweli ni kwamba tishu ya mafuta hutengeneza homoni, hutuma ishara kwa viungo vingine na huvuta seli za kinga. Inapozidi kiasi, mambo manne hutokea kwa pamoja.

La kwanza ni estrojeni. Kabla ya kukoma hedhi, ovari ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya homoni hiyo. Baada ya hapo ovari hunyamaza, lakini seli za mafuta zina kimeng'enya kiitwacho aromatasi ambacho huzigeuza homoni nyingine kuwa estrojeni, kwa hiyo kadiri mafuta yanavyokuwa mengi ndivyo estrojeni inavyozidi kuzunguka mwilini. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huitikia estrojeni kwa kunenepa. Kwa mwanamke mwenye hedhi ya kawaida, homoni nyingine, projesteroni, huizuia hali hiyo na ukuta hubomoka kila mwezi. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, au ambaye hedhi yake hupotea kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uzito, hakuna cha kuizuia. Ukuta huendelea kukua, seli huendelea kugawanyika, na kila mgawanyiko ni nafasi nyingine ya kosa kuingia katika vinasaba. Hii ndiyo sababu mfuko wa uzazi unaongoza orodha kwa mbali.

La pili ni insulini. Mwili wenye mafuta mengi, hasa tumboni, huacha kuitikia insulini vizuri, na kongosho hulazimika kuimwaga kwa wingi zaidi ili sukari ishuke. Insulini haishughuliki na sukari peke yake. Huziambia seli zikue na zisife. Pamoja nayo huongezeka utendaji wa homoni ya ukuaji inayofanana nayo, iitwayo IGF-1. Seli iliyokwisha kuharibika, ambayo ilipaswa kujiua yenyewe, hupata sababu ya kuendelea kuishi. Njia hii inatajwa sana katika saratani ya utumbo mpana, ya kongosho na ya figo.

La tatu ni mchochota wa muda mrefu. Seli za mafuta zinapojaa kupita kiasi hukosa hewa ya kutosha na baadhi yake hufa, ndipo seli za kinga zinapokuja kuzisafisha na kubaki hapo, zikitoa kemikali zilizokusudiwa kupambana na jeraha la siku chache. Zinapotolewa kwa miaka na miaka, kemikali hizo huharibu vinasaba na huchochea seli zilizo jirani kuzaliana. Wakati huohuo homoni iitwayo leptini, ambayo huchochea ukuaji wa seli, hupanda, na adiponektini, ambayo hufanya kinyume chake, hushuka.

La nne ni madhara ya moja kwa moja katika kiungo husika. Tumbo kubwa huisukuma asidi ipande kwenye umio, na asidi hiyo ikiunguza umio kwa miaka mingi, utando wake wa ndani unaweza kugeuka kuwa wa aina nyingine iliyo rahisi kupata saratani. Mafuta yakijaa kwenye ini yanaweza kuleta mchochota, kisha makovu, kisha sirosisi, yaani ini kukakamaa kwa makovu mengi, na hatimaye saratani ya ini, hata kwa mtu asiyewahi kuonja pombe. Mawe ya nyongo, ambayo ni ya kawaida kwa watu wanene, husugua kuta za kibofu cha nyongo kwa muda mrefu.

Nitajuaje kama uzito wangu umefikia kiwango cha hatari?

Kipimo cha kawaida ni BMI: uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 90 na urefu wa mita 1.65 atazidisha 1.65 kwa 1.65 apate 2.72, kisha agawanye 90 kwa 2.72, na jibu ni takriban 33. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, na 30 na kuendelea ni unene uliokithiri, kwa hiyo mtu huyu amekwisha kuingia katika kundi la pili. Kwa watu wenye asili ya Asia madhara huanza mapema zaidi, na nchi kadhaa za huko hutumia viwango vya chini ya hivyo.

BMI ina kasoro inayojulikana: haitofautishi mafuta na misuli, wala haisemi mafuta yako wapi. Mafuta yaliyozunguka ini na matumbo yana madhara zaidi kuliko yale ya mapajani na makalioni. Kwa sababu hiyo ni vyema kuongeza kipimo cha kiuno, futi ya kamba ikipita katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida na bila kulivuta tumbo ndani. Hatari huanza kupanda kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa kinapozidi 102 na 88. Mtu mwenye mikono na miguu myembamba lakini mwenye kitambi asitulizwe na BMI yake peke yake.

Mbona nawajua watu wanene waliozeeka bila saratani, na wembamba waliougua?

Kwa sababu saratani ina vyanzo vingi: umri, urithi, sigara, pombe, virusi, mionzi, na makosa yanayotokea seli zinapogawanyika bila sababu yoyote inayoonekana. Unene ni chanzo kimoja kati ya hivyo. Unaongeza uwezekano, na uwezekano hauonekani kwa kumtazama jirani mmoja bali kwa kuhesabu maelfu ya watu.

Kwa nini husemwa kwamba unene huwalinda wanawake vijana dhidi ya saratani ya matiti?

Takwimu zinaonyesha hivyo kweli: kabla ya kukoma hedhi, wanawake wanene hupata saratani ya matiti kwa kiwango kidogo kuliko wembamba, na baada ya kukoma hedhi mambo hugeuka. Maelezo kamili ya sehemu ya kwanza bado yanajadiliwa. Hata hivyo, hakuna daktari makini atakayemshauri mwanamke kijana anenepe kwa ajili hiyo. Saratani nyingi ya matiti hutokea baada ya hedhi kukoma, na uzito uliopatikana ujanani kwa kawaida humfuata mtu hadi umri huo, ukiongozana na kisukari, shinikizo la damu na hatari ya viungo vingine. Uzito unaoongezeka katika utu uzima ndio unaohusishwa sana na saratani ya matiti ya uzeeni.

Na tezi dume?

Unene hauongezi kwa uwazi idadi ya wanaume wanaopata saratani ya tezi dume, lakini umehusishwa na aina yake kali na vifo vinavyotokana nayo. Sehemu ya tatizo inaweza kuwa ugunduzi: kipimo cha damu cha PSA huelekea kutoa majibu ya chini kwa wanaume wanene.

Nikipunguza uzito, hatari itapungua?

Ushahidi unaelekea kusema ndiyo, ingawa umechelewa kupatikana kwa sababu inayoeleweka: watu wachache hupunguza uzito mwingi na kuendelea kuwa hivyo kwa miaka ya kutosha kuchunguzwa. Ushahidi bora zaidi umetoka kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili wapungue uzito. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kuwa wanawake waliofanyiwa upasuaji walipata saratani kwa kiwango cha chini sana kuliko wanawake wanene ambao hawakufanyiwa. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya watu 30,000, uliona upungufu wa asilimia 32 katika saratani zinazohusiana na unene, na vifo vya saratani vikiwa pungufu kwa karibu nusu miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji. Tafiti hizi hazikuwagawa watu kwa bahati nasibu, kwa hiyo waliochagua kisu huenda walikuwa na tofauti nyingine na wasiochagua. Pamoja na tahadhari hiyo, matokeo yanaelekea upande mmoja.

Kwa anayepunguza kilo chache kwa chakula na mazoezi, faida kwa saratani ni ngumu kuipima, lakini mabadiliko ya ndani hupimika mapema: insulini hushuka, dalili za mchochota katika damu hupungua, na kwa wanawake waliokoma hedhi estrojeni hupungua pia. Kwa maoni yangu, jambo linalopaswa kusisitizwa zaidi ni kutoendelea kuongezeka. Mtu wa miaka 40 anayebaki na uzito alionao kwa miaka 20 ijayo amefanya jambo kubwa, hata kama hakuna atakayempongeza.

Je, sindano na dawa za kisasa za kupunguza uzito huzuia saratani?

Dawa za kundi la semaglutidi hupunguza uzito kwa kiasi ambacho dawa za zamani hazikukifikia, na baadhi ya uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa kisukari umeonyesha saratani chache kwa wanaozitumia kuliko kwa wanaotumia insulini. Huo ni ushahidi wa mapema, wala hakuna sababu ya kuzitumia kwa lengo hilo pekee. Mtu ambaye yeye mwenyewe au ndugu yake wa damu aliwahi kupata saratani ya thairoidi ya aina ya medula hapaswi kuzitumia, na hili ni miongoni mwa mambo anayopaswa kuulizwa kabla ya kuandikiwa. Anayeuziwa dawa hizi bila kuulizwa lolote yuko mikononi mwa mfanyabiashara, hata kama muuzaji huyo amevaa koti jeupe.

Kama sipungui, mazoezi yana faida gani?

Yana faida yake yenyewe. Misuli inayofanya kazi huitumia sukari bila kuhitaji insulini nyingi, na mazoezi yamehusishwa na upungufu wa saratani ya utumbo mpana, ya matiti na ya mfuko wa uzazi hata pale mizani isiposogea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Je, unene ni kosa la mtu mwenyewe?

Urithi una sehemu kubwa, na vivyo hivyo dawa fulani, usingizi mchache, umaskini, na mazingira ambamo vyakula vilivyosindikwa ndivyo rahisi kupatikana kuliko vingine. Swali hili lina uzito wa kitabibu, kwa sababu aibu huua. Wanawake wanene huahirisha uchunguzi wa matiti na wa mlango wa kizazi kuliko wengine, na mara nyingi sababu wanayoitaja ni maneno waliyowahi kuambiwa kwenye chumba cha daktari.

Ni dalili zipi ambazo mtu mnene hapaswi kuzipuuza?

Damu yoyote ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, inahitaji uchunguzi mapema, kwa kuwa saratani ya mfuko wa uzazi haina kipimo cha kawaida cha kuwapima watu wasio na dalili, na damu hiyo ndiyo humwokoa mgonjwa ikizingatiwa mapema. Nyingine ni damu kwenye choo kikubwa au mkojo, mabadiliko ya choo yanayodumu wiki kadhaa, chakula kukwama kinaposhuka, kiungulia cha miaka mingi kilichobadilika tabia, na macho kugeuka manjano. Uvimbe kwenye titi kubwa ni mgumu kuugusa kwa vidole, kwa hiyo picha ya matiti isirukwe muda wake unapofika.

Kupungua uzito bila kukusudia nako ni dalili. Mtu mnene anayepungua husifiwa na kila anayekutana naye, na miezi inaweza kupita kabla mtu yeyote hajauliza kama alikuwa akijaribu kupungua.

Nimeshagundulika na saratani. Je, nianze kupunguza uzito sasa?

Usianze bila kuzungumza na wanaokutibu. Wakati wa matibabu mwili unahitaji nguvu na misuli, na kujinyima chakula kunaweza kumfanya mgonjwa apoteze misuli huku mafuta yakibaki. Kwa baadhi ya wagonjwa mpango wa kupungua huanza baada ya tiba, na kwa saratani ya mfuko wa uzazi ya hatua za mwanzo mara nyingi moyo na mishipa ya damu ndivyo vinavyotishia maisha yao zaidi kuliko saratani yenyewe.

Swali moja linafaa kuulizwa kabla ya dripu ya kwanza ya kemotherapi: kipimo cha dawa kimekokotolewa kwa uzito wangu halisi? Kwa miaka mingi baadhi ya madaktari waliwapunguzia dawa wagonjwa wanene kwa kuhofia sumu. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo unaosisitiza kipimo kamili kwa uzito halisi, kwa sababu dawa pungufu inaweza kumnyima mgonjwa nafasi ya kupona. Kama kipimo kimepunguzwa, una haki ya kuelezwa sababu, kwa mfano ini au figo kutofanya kazi vizuri.